Mizani ya Mguu wa Kulia

Ni sekunde mbili tu ninazotaka kuzizungumzia. Jioni ya Aprili, mvua imeanza muda si mrefu, nami nimo kwenye raundabauti ya Nyayo House, natoka mjini naelekea Valley Road. Juu yangu imepita Nairobi Expressway, kwa hiyo lami niliyo juu yake bado ni kavu. Polisi wa trafiki ananipungia mkono nifanye haraka. Nakanyaga mafuta nikiwa bado nimekunja usukani kushoto, natoka chini ya lile paa la zege kuingia Kenyatta Avenue, na gurudumu la nyuma la kushoto linapanda juu ya rangi nyeupe ya kivuko cha wapita njia. Injini inapaza sauti lakini gari halisongi inavyostahili. Kwenye dashibodi taa ya njano inapepesa, ile yenye kigari na alama mbili zilizojipinda nyuma yake. Tako la gari linasogea kulia kwa upana wa kiganja, linasita, linarudi. Binti yangu aliyeketi kando yangu hakuinua hata uso kutoka kwenye simu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kazi yangu ya kila siku ni kuwafanya watoto wakae na ubeti mmoja mpaka wajue kwa nini kila silabi imekaa pale ilipokaa. Tangu jioni ile nimekuwa nikizisoma sekunde mbili hizo vivyo hivyo, na kilichonisukuma ni neno moja tunalolitumia darasani na sokoni bila kushtuka: mizani. Muuza nyama ana mizani, na shairi lina mizani, yaani hesabu ya silabi. Kwenye gari lenye nguvu linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, maana hizo mbili zinakutana chini ya mguu wa kulia. Uzito unahama, na unahama kwa mapigo.

Nitasema mapema ninachokiamini. Watu wengi hudhani kwamba kulizuia tairi la nyuma lisizungukie pale pale ni kazi ya mikono myepesi na moyo mgumu. Sivyo. Ni kazi ya fani, yaani mpangilio wa kukanyaga na kuachia, na sehemu kubwa ya mpangilio huo huwa imekwisha kuamuliwa kabla tairi halijaanza kusaga.

Tuanze na mshororo wa kwanza, yaani kukanyaga. Mguu wangu ulikanyaga kwa kipimo cha lami kavu iliyokuwa chini ya Expressway. Kipimo hicho kilikuwa sahihi pale nilipokuwa, na kilikuwa kosa mita tano mbele. Ni kama mwanafunzi anayeanza ubeti wa pili akiwa na kina cha ubeti wa kwanza mdomoni. Ningetazama nje kabla ya kukanyaga ningeiona lami iking'aa baada ya ule mstari ambapo paa lilikoma. Mstari ulikuwepo, umechorwa wazi kama ukingo wa kivuli saa sita. Sikuusoma.

Mshororo wa pili ni tairi kuzidiwa. Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa mengine yote. Tairi moja linaigusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Ndani ya kiganja hicho mna mfuko mmoja wa mshiko, na humo ndimo gari linamolipia kila kitu: kuongeza mwendo, kupiga breki na kukata kona. Ukiutumia wote kuongeza mwendo, hakibaki kitu cha kulipia kona. Mimi nilikuwa nikilipia vyote viwili kwa pamoja, mafuta na kona, na mvua ilikuwa imekwisha kuupunguza mfuko wenyewe. Rangi ya kivuko iliupunguza zaidi, maana rangi iliyolowa huteleza kuliko lami iliyolowa, na mvua ya kwanza baada ya siku kavu huchanganyika na mafuta na vumbi vilivyolala barabarani.

Kisha kuna jambo ambalo vijana wengi wanaopenda magari haya hawajaambiwa. Tairi haliendi kutoka kushika hadi kutoshika kwa hatua moja. Kwenye lami hushika vizuri kabisa likiwa linazunguka kwa kasi kidogo kuliko mwendo wa gari lenyewe, tuseme sehemu kumi hivi kwa mia. Likivuka hapo, nguvu ya kusukuma hupungua kidogo kidogo, lakini nguvu ya kulizuia gari lisiende upande huporomoka. Ndiyo maana tako la gari hutoka. Hakuna kilichokuja kulisukuma. Kilichokuwa kikilishikilia ndicho kimeondoka, na kimeondolewa na mguu.

Kwa nini lilikuwa gurudumu la kushoto? Gari likikata kona kushoto, uzito huegemea kulia, na gurudumu la ndani hubaki jepesi. Difu ya kawaida hugawa nguvu kwa namna ambayo gurudumu lenye mshiko haliwezi kupewa zaidi ya kile ambacho lile lisilo na mshiko linaweza kukipokea. Kwa hiyo la kushoto, jepesi na lililo juu ya rangi, likazunguka bure, na la kulia likabaki likingoja. Mtu aliyeusikia mngurumo kutoka kando ya barabara pengine alidhani kuna nguvu nyingi pale. Kilichokuwa pale ni nguvu iliyokosa pa kwenda.

Wengi hujua kwamba gari likiondoka huinama nyuma, na kwamba hiyo ni faida kwa gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa sababu uzito unaangukia pale penye kazi. Ni kweli. Ila uzito huo hauji bure. Unakuja kwa sababu tairi limeshika na gari limesukumwa mbele. Kwenye mvua msukumo ni mdogo, gari haliinami sana, na magurudumu ya nyuma hayapati ule uzito yaliozoea kuupata kwenye lami kavu. Hivyo mvua huliibia tairi mara mbili, na dereva aliyezoea kuondoka kwa nguvu siku za jua anajikuta na mguu wa jua siku ya mvua.

Mshororo wa tatu, tako kutoka, ulikuwa mfupi jioni ile kwa sababu mashine iliingilia. Taa iliyopepesa ilikuwa ikinijulisha kwamba gari limepunguza nguvu ya injini lenyewe na limepiga breki gurudumu lililokuwa likizunguka bure. Lakini turudi nyuma tulisome tukio lile kana kwamba mashine haikuwepo, maana hapo ndipo madereva huumia.

Tako linatoka kulia. Mwili unashtuka, na mguu ulioshtuka huachia mafuta yote kwa ghafla. Ndilo kosa kuu katika fani hii yote. Ukiachia ghafla, uzito unaruka mbele, magurudumu ya nyuma yanazidi kuwa mepesi, na injini yenyewe inayavuta kama breki. Wakati huohuo mikono imekwisha kuzungusha usukani kwenda kulia, upande tako linakoelekea, na hilo ni sahihi. Sasa tairi la nyuma linashika tena, kwa mpigo mmoja, huku magurudumu ya mbele bado yamekunjwa kulia. Gari linatupwa upande wa pili. Pigo hili la pili huwa kali kuliko la kwanza, na ndilo linaloyapeleka magari kwenye nguzo na mitaro. Dereva husimulia baadaye kwamba gari liliteleza mara moja. Liliteleza mara mbili, na la pili alilitunga mwenyewe.

Fani iliyo sahihi ina utulivu ambao ukiutazama kutoka nje hauna cha kusisimua. Mguu unainuka kidogo na kubaki pale, ukiliachia tairi lipungue mzunguko mpaka lilingane tena na mwendo wa gari. Macho yanatazama barabara unakotaka kwenda, si kile unachoogopa kukigonga. Usukani unafuata macho, na unarudishwa kabla tako halijamaliza kurudi. Ukisubiri uone gari limenyooka ndipo unyooshe usukani, umekwisha kuchelewa. Hapo ndipo kituo cha ubeti, yaani mshororo wa mwisho, kinapoamuliwa, na mshairi mzuri anakijua kituo chake tangu mshororo wa kwanza.

Nairobi ina haki ya kulizungumzia jambo hili kuliko miji mingi duniani. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na kuanzia 1970 hadi 1986 kila gari lililoshinda lilisukumwa na magurudumu ya nyuma: Datsun, Ford Escort, Mitsubishi Colt Lancer, Peugeot 504, Opel Ascona, Toyota Celica. Mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda kwa Audi ya magurudumu manne, na zama zile zikafungwa. Joginder Singh, Kalasinga wetu aliyekuwa mekanika kabla ya kuwa bingwa, alishinda mara tatu, mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Lancer, na zote tatu zilisukumwa kwa nyuma. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979, kila mara akiwa kwenye Datsun au Nissan ya kusukumwa kwa nyuma.

Ushindi wa Mehta wa 1973 naupenda kuliko mingine kwa sababu ya umbo lake. Yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kwa adhabu. Mshindi akaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama yake ya kwanza. Safari ya wakati ule haikuhesabu kasi, ilihesabu kilichopotea. Kwa kipimo hicho, kila sekunde ambayo tairi lilisaga bila kusukuma gari ilikuwa hasara iliyoandikwa. Nani angetafuta sifa kwa moshi?

Hata hivyo nisiwadanganye wasomaji kwamba barabara ya udongo ina arudhi moja, yaani kanuni moja za utunzi, na lami. Kwenye changarawe iliyolegea, tairi linalozunguka zaidi ya mwendo wa gari huchimba, huondoa kokoto za juu na kulifikia tabaka gumu chini, na kwa hiyo kuteleza kiasi ni sehemu ya kwenda mbele. Dereva wa udongo hulitanguliza tako kwa makusudi, gari likaingia kona limekwisha kugeuka. Ukija kwenye tope la udongo mweusi ulioloa, kanuni inageuka tena, tairi linalosaga linaupaka udongo ukawa kama sahani iliyomwagiwa mafuta. Mtu aliyeutazama mkanda wa Safari ya zamani, akaona magari yakipita kwa ubavu, kisha akaenda kuiga kwenye lami ya Lavington, amenakili vina akaacha mizani.

Hili nililiona kwa macho kwenye Jamhuri Park, kando ya Ngong Road, ambako mashindano ya autocross hufanyika kwenye njia ya udongo na kila dereva hushindana na saa. Kijana mmoja alikuwa na gari dogo la zamani, la kusukumwa kwa nyuma, rangi yake imebabuka kwenye boneti. Mzunguko wake wa kwanza ulitupamba sote kwa vumbi. Kila kona tako lilitoka mpaka karibu lilingane na pua, na watazamaji wakapiga kelele za furaha, nami nikiwemo. Mzunguko wa pili ulikuwa kimya. Tako lilitoka, lakini mara moja tu kwa kila kona, likatulia hapo kama mlango uliofunguliwa nusu, na sauti ya injini haikupanda wala kushuka, ilikaa kwenye noti moja mpaka gari likanyooka. Watu kando yangu waliona amechoka. Saa ikaonyesha kwamba mzunguko wa kimya ulikuwa wa haraka zaidi.

Tangu siku hiyo nasikiliza magari zaidi ya kuyatazama. Sauti ya injini ndiyo vina: hurudi, hupendeza, hubaki masikioni. Sauti ya mguu ndiyo mizani, na haisikiki mpaka uitafute. Katika arudhi yetu shairi lililoharibika mizani huitwa guni hata likiwa na vina vitamu namna gani. Zile donati zinazopigwa usiku wa Jumamosi, gari likizungushwa duara pale pale, tairi likitoa moshi na watu wakirekodi kwa simu, ni guni. Nalisema hili kwa uzito wote. Hazina mwanzo uliopimwa wala kituo, na mara nyingi aliyeko karibu ni mpita njia asiye na chuma cha kumkinga.

Jiji lenyewe nalo limebadilika. Zamani katikati ya Uhuru Highway kulikuwa na nyasi na miti, na gari lililoponyoka lilikuwa na pa kupunguzia mwendo. Tangu Expressway ifunguliwe mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu kubwa ya katikati ya Uhuru Highway na Waiyaki Way ina nguzo za zege. Ukurasa tunaouandikia hauna tena pambizo.

Na gari linaloongoza kwa kuandika guni zile za donati Nairobi linajulikana. Toyota ilianza kuuza Mark X mwaka 2004 ikaacha mwaka 2019, na zilizoko barabarani zimefika hapa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, ila bila kuzidi miaka 8 ambayo Kenya huruhusu kwa gari la mtumba. Ukiacha zile chache za magurudumu manne, zote husukumwa kwa nyuma. Yenye injini ya lita 2.5 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 203 au 215 kutegemea toleo, na ile ya lita 3.5 ilikuwa na 318. Kwetu hapa, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake, kwa hiyo zile 203 hubaki takriban 170. Mwinuko wa Nairobi unatusaidia bila sisi kujua. Anayeteremka na gari hilohilo hadi Mombasa mvua ikinyesha ana nguvu ambazo mguu wake haujawahi kuzishika.

Langu ni la lita 2.5. Baada ya jioni ile nililipeleka Kirinyaga Road, ambako wazee bado hukuita Grogan, kwa fundi ninayemwamini. Nilidhani angefungua difu. Aliinama nyuma ya gari, akalibonyeza tairi kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akanitazama.

"Mwalimu, hebu jaribu wewe."

Nikabonyeza. Ukucha haukuzama hata kidogo. Meno ya tairi yalikuwa marefu, yangemridhisha mtu yeyote anayetazama kwa mbali, lakini mpira wenyewe ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu kilichosahauliwa juani. Akapitisha kidole ubavuni mwa tairi mpaka kwenye kiduara chenye tarakimu nne: 1316.

"Wiki ya 13, mwaka 2016," akasema. "Limekuja na gari kutoka Japani. Halijaisha, limezeeka."

"Na ya mbele, fundi?"

"Ya mbele ulibadilisha mwaka jana. Kwa hiyo pua inashika na tako halishiki. Ungefanya kinyume, mama. Mapya yanakaa nyuma."

Kisha akaingiza mkono ndani ya gari, akanionyesha kitufe kando ya gia kilichoandikwa SNOW, ambacho kwa miaka mitatu nilikuwa nimekichukulia kama pambo la nchi nyingine. Ukikibonyeza, mafuta huingia polepole hata ukikanyaga kwa pupa. "Theluji ya Nairobi ni mvua ya Aprili," akaniambia, naye hakuwa akitania.

Kuna watakaouliza: ikiwa gari lina TRC na VSC, yaani ile mashine ya kuzuia tairi lisisage na gari lisiteleze, elimu hii yote ya mguu ni ya nini? Naheshimu mashine ile, iliniokoa mbele ya binti yangu. Lakini ni mhariri, si mtunzi. Husahihisha baada ya kosa kuanza, na husahihisha kwa mshiko uliopo. Haiwezi kuuongeza mfuko ambao tairi la 2016 limekwisha kuutoboa. Kuna hata mahali inapokwamisha: ukiwa kwenye mlima wa tope, hukata nguvu kila tairi linapoanza kuzunguka, na gari likasimama pale ambapo kuzunguka kidogo kungelitoa. Hapo kuizima kwa muda ni sahihi. Kuizima kwenye lami ya mjini, kwa sababu rafiki ameketi kando na simu yake iko tayari, ni jambo ambalo sina neno la kulitetea.

Nimepita raundabauti ya Nyayo House mara nyingi tangu hapo. Nikiwa chini ya Expressway natafuta ule mstari ambapo lami kavu inakoma, nanyoosha usukani kwanza, naacha gurudumu livuke rangi, ndipo naongeza mafuta. Polisi hupunga mkono kama kawaida, nami huchelewa pengine kwa sekunde moja. Taa ya njano haijapepesa tena pale.

Msomaji mwenye gari la aina hii, kabla mvua haijaanza, chukua tochi uende nyuma ya gari lako. Tafuta kile kiduara ubavuni mwa tairi, soma tarakimu mbili za mwisho, kisha bonyeza mpira kwa ukucha.